Kwenda kazini na pikipiki: wenye uzoefu njooni mniambie ukweli

Mgeni_wa_Gia

Wakuu habari zenu. Kutoka nyumbani hadi kazini kwangu ni kama kilomita 18, sehemu kubwa ni barabara kuu halafu mwishoni naingia mjini kwenye foleni. Kwa sasa napanda basi na kubadilisha mara moja. Shida yangu sio nauli wala kusimama, shida ni kwamba sijui nitafika saa ngapi, leo dakika 50 kesho saa moja na nusu, na bosi hiyo hadithi kashaichoka.

Nimeanza kuwaza pikipiki, cc 125 au 150. Leseni ninayo ila ni ya zamani na piki sijaigusa muda mrefu. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema hayuko tayari kuwa mjane kisa foleni 😅. Naomba mazuri na mabaya yake, sio kutiana moyo tu, hasa nyie mnaoendesha mvua na jua. Na je mafuta kweli inakula kidogo kama wanavyosema au ni maneno ya wauzaji?

Cheni_Kavu

Karibu mkuu. Watu wengi wanadhani raha ya piki ni spidi, siyo, barabara ikiwa wazi magari yatakukuta na kukupita tu. Raha yake ni muda kutobadilika. Ukishajua kwako ni dakika 35 basi ni 35 Jumatatu na ni 35 Ijumaa, iwe mwisho wa mwezi, iwe shule zimefunguliwa, iwe kuna lori limelala katikati ya njia. Hilo tu ndo linafanya niwashe piki kila asubuhi, mengine yote yanavumilika.

Halafu kuna utafiti wa Ubelgiji wa 2011, walipiga hesabu ya barabara ya Leuven kwenda Brussels wakaona asilimia 10 ya wenye magari wakihamia kwenye pikipiki, muda unaopotea foleni unapungua kwa asilimia 40, na hapo ni kwa wote, hata waliobaki kwenye magari. Ni barabara moja hiyo na ni hesabu za kompyuta kwahiyo usiichukue kama msahafu, lakini ukisimama kwenye foleni ukahesabu magari yenye mtu mmoja ndani utaelewa walikuwa wanasema nini.

Mafuta: cc 125 iliyotunzwa inakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Kwako kwenda na kurudi ni 36, lita haiishi. Hapo wauzaji hawajadanganya. Ambacho hawakwambii ni kwamba mafuta ndio gharama ndogo kuliko zote. Weka helmeti, koti, glavu, buti, nguo za mvua, kufuli, bima, na tairi la nyuma ambalo linaisha mapema kuliko la gari. Ukipiga hesabu ya mafuta peke yake halafu ukalinganisha na nauli ya basi unajidanganya mwenyewe.

fundi_spana

Cheni_Kavu kasema vizuri ila jina lake linanitia wasiwasi 😂 cheni haitakiwi kuwa kavu. Mkuu ukinunua jifunze vitu viwili vitatu mwenyewe, usingoje fundi. Cheni isukume juu chini kwa kidole pale katikati, kwa piki nyingi za saizi hiyo inatakiwa icheze kama milimita 20 hadi 30, ikiwa imekaza sana inakula beringi na sproketi, ikilegea inaruka meno na siku moja itaruka uko spidi. Zungusha tairi uiangalie kila sehemu maana cheni iliyochakaa hapa inakaza pale inalegea.

La pili ni oili. Injini hizi zinabeba kama lita moja tu, na hiyo hiyo moja inalainisha injini, giaboksi na klachi, ndo maana inachoka haraka. Usichelewe kubadilisha. Na usije ukaambiwa oili ni oili ukaweka ya gari, nyingi zina dawa za kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza, unavuta mafuta injini inalia piki haiendi. Angalia kwenye kopo pawe na alama ya JASO MA au MA2, hicho ni kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi inayokaa ndani ya oili.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, likishapata joto kipimo kinakudanganya.

Nimerudi_Kwenye_Basi

Ngoja niwe mchawi wa huu uzi. Mimi nimeendesha na nimeacha kwa hiari yangu, sikuanguka, sikuibiwa, piki ilikuwa nzima. Kilichonitoa ni uchovu, tena sio wa mwili, wa akili. Kwenye basi unalala, unasoma, unampigia mama yako simu. Kwenye piki huna hata sekunde ya kuwaza mambo yako. Ukiwa 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, ukiangalia saa yako mkononi mara moja umeshapita nyumba nzima hujaiona. Asubuhi unaweza, umelala umeamka mzima. Jioni umetoka kwenye kikao cha masaa, kichwa kimejaa, jua linakupiga machoni, na hapo ndo kila mtu barabarani ana haraka ya kufika kwake. Kazi yangu inanimaliza kwahiyo nikaamua.

Na kingine, hatari yenyewe mara nyingi sio wewe. Kuna ripoti ya Marekani ya 1981, inaitwa ya Hurt kwa jina la mtafiti wake, walichunguza ajali kama 900 za Los Angeles, robo tatu hivi piki iligongana na chombo kingine, na katika hizo theluthi mbili ni yule mwingine ndiye aliyeingia njia ya pikipiki. Ni gari linalokata kona mbele yako, dereva anakuangalia kabisa usoni na hakuoni. Unaweza kuwa na haki yote ya barabara na bado ukalala hospitali wewe.

Mkeo hajakosea kuogopa, ndo maoni yangu.

Cheni_Kavu

Hiyo ripoti soma na upande mwingine basi. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa hawajafikisha miezi mitano kwenye ile piki waliyokuwa nayo. Kwahiyo mgeni, wewe mwenye leseni ya zamani hapo unahusika, hata kama uliwahi kuwa fundi wa kuendesha.

dada_wa_helmeti

Wanaume mnajadili cheni na ripoti wakati mtu atafika ofisini amekunjamana. Kaka, nguo za kazi acha ofisini kama una pa kuziweka, viatu hasa. Suruali nzuri na cheni haviendani, na begi la mgongoni siku ya joto linakuloanisha shati lote nyuma. Funga boksi nyuma ya kiti, mgongo unapumua na laptopu haipati mvua. Ubaya wake linaongeza uzito juu nyuma, siku za kwanza utahisi piki inayumba ukienda polepole, na usilijaze.

Helmeti usinunue kwa picha, nenda ukavae. Ivae, funga mkanda, kisha tikisa kichwa kwa nguvu kulia kushoto, ikizunguka yenyewe kichwa kikabaki ni kubwa. Mashavu yabanwe kidogo, mpya lazima ibane. Halafu jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma bila kufungua mkanda, ikivuka rudisha rafuni. Tafuta yenye alama ya ECE, kile kiwango cha usalama cha helmeti, toleo la 22.06 ndo la sasa. Na mkanda ufungwe!! naona watu wameipachika tu kichwani, hiyo ikipata mtikisiko wa kwanza inaruka peke yake na kichwa kinabaki kikavu. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008, helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa 69.

Mvua: zile dakika za mwanzo ndo mbaya kuliko mvua kubwa, maana oili na vumbi la barabarani vinapanda juu kabla havijaoshwa. Nikiona manyunyu nasimama mahali nasubiri kidogo. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma usiipitie ukiwa umelala kona wala unashika breki.

Mgeni_wa_Gia

Asanteni sana, kumbe kuna vitu sikuwaza kabisa, hilo la uchovu wa jioni limenigusa maana kazi yangu ni ya kukodolea kompyuta siku nzima. Swali, je lazima iwe kila siku? Na 125 au 150? Na usiku inakuwaje, mara nyingine natoka giza limeingia.

fundi_spana

Sio lazima, na kwa kweli mimi ningekushauri hivyo hivyo. Siku unajua utatoka umechoka au mvua imetanda panda basi, piki haitalia. Usiku taa za hizi piki ndogo nyingi ni hafifu, punguza spidi hadi uweze kusimama ndani ya pale taa inapoishia, kioo cha helmeti kiwe cheupe sio cheusi, na vaa kitu kinachoakisi taa mgongoni.

Kwa sababu una barabara kuu chukua 150, sio kwa kukimbia, ni ili injini isilie muda wote na uwe na nguvu ya kutoka mbele ya lori. Ukipata yenye ABS, yaani breki isiyoacha tairi lijifunge likateleza, hata ya tairi la mbele tu, lipia hiyo pesa kabla hujalipia urembo wowote. Na kabla ya yote tafuta uwanja mtupu ufanye breki ya mbele, ndio hiyo inayokusimamisha, ya nyuma inasaidia tu. Ibane taratibu kisha ongeza, usiikamate ghafla. Anza spidi 20, panda 30, panda 40, hadi mkono ufanye wenyewe. Njia yako ya kazini ipite Jumapili asubuhi kwanza.

dada_wa_helmeti

Na nenda na mkeo dukani kununua helmeti, achague yeye. Hatachukua ya bei rahisi 😂