Fikasi changa, matawi mawili yametoka usawa mmoja: libaki lipi, liende lipi?

ChunguKidogo
Wakuu wa bonsai, yaani miti inayolelewa midogo chunguni, nina fikasi (mti wa jamii ya mtini) ya miaka mitatu hivi, urefu sentimita 30. Nataka niilee kwa mtindo wa moyogi, ule ambao shina linapinda huku na huku lakini kilele kinarudi kusimama juu ya mizizi. Nimekwama hapa.

Sentimita 10 kutoka udongoni pametoka matawi mawili yanayopeana mgongo, kama mtu aliyenyoosha mikono. La kushoto ni nene, karibu nusu ya shina, ila limetokea upande wa ndani wa kona. La kulia limekaa vizuri upande wa nje, lakini unene wake ni wa njiti ya kibiriti. Halafu chini yao, kwenye sentimita 4, kuna la tatu lililokimbia mpaka limekuwa refu kuliko mti wenyewe.

Naona njia tatu: (a) nikate nene nibakize jembamba, (b) nikate jembamba, (c) nisiguse kitu mwaka mzima. Lile la chini nimeshaamua linaondoka, linaniudhi. Nishaurini kabla sijashika mkasi.

FundiWaya
(a), wala usijiulize mara mbili. Tawi la ndani ya kona kwenye moyogi linaziba pale pale ambapo jicho lingepumzika. Kuyaacha yote mawili ndiyo mbaya zaidi: pale yanapokutana shina litavimba, na baada ya miaka michache utakuwa na shina jembamba chini, nene katikati. Uvimbe huo hauna mkasi. Urefu nao umekupendelea, sentimita 10 kwenye mti wa 30 ni theluthi, ndipo tawi la kwanza linapokaa kwa kawaida.

BiMajani
Kuhusu kona nakubaliana na Fundi. Lakini mwanangu, hilo la chini ulilokwisha kulihukumu umelisikiliza kwanza? Halipo pale kwa uzuri, lipo kazini. Tawi likiachwa likimbie na majani yake mengi, shina chini ya maungio yake linanenepa. Sisi tunaliita tawi la kafara: unalivumilia na ubaya wake, siku shina likikutosha unaliondoa. Usiniamini mimi, chukua kipimo upime shina chini yake na juu yake, uje utuambie.

MkasiButu
Mimi ni (c), kwa sababu nimeumwa na nyoka. Junipa yangu ya kwanza nililivua tawi zuri kuliko yote majani mpaka karibu na shina, nikisema litachipua tu. Wiki ileile nikabadilisha chungu na kupunguza mizizi, maana nilikuwa na hamasa na siku ya mapumziko. Tawi lilikaa kijivu, halikuwahi kurudi, na mti mzima ulidorora msimu mzima. Tangu hapo mkasi wangu huwa naupeleka polepole.

FundiWaya
Pole mkuu, ila junipa si fikasi. Tawi la junipa likikosa kijani kabisa ndiyo basi, linakufa. Misonobari mingi nayo ni hivyohivyo. Fikasi yenye afya unaikata tawi libaki kigutu kitupu, na vichipukizi vinafumuka kwenye gome la zamani. Kwa hiyo kwenye fikasi kosa husameheka. Hapo pa kubadilisha chungu na kukata kwa pamoja tuko pamoja, mti mchanga usiupe vidonda juu na chini kwa wakati mmoja. Na kwenye junipa, tawi usilolitaka si lazima litupwe lote: bakiza kipande, menya gome, kikauke kiwe jin, yaani kijiti kikavu kinachoachwa kama pambo.

ChunguKidogo
Nimepima. Chini ya tawi la tatu milimita 19, juu yake 13. Bi Majani, nimenyamaza.

Sasa nikiondoa lile nene, hiki kinjiti kitakuwa tawi la kwanza lini?

BiMajani
Kiache kikimbie. Watu wanakata ncha kila wiki halafu wanashangaa tawi halinenepi, litanenepa kwa majani gani? Punguza kilele badala yake, maana kwenye fikasi juu ndiko kunakopokonya nguvu. Ncha ya kinjiti iinue kidogo itazame mwanga, tawi lililoinamishwa mapema hudhoofika. Waya utakuja baadaye, uuzungushe kwa nyuzi 45 hivi, na usiusahau. Fikasi hunenepa haraka, ukigeuka mara moja waya umeshazama kwenye gome.

MziziMkavu
Samahani, naingia katikati. Mnabishania matawi na hakuna aliyeuliza mbele ya mti ni wapi. Zungusha chungu kama robo ya mzunguko. Lile nene huenda likaangukia nyuma, na mti usio na tawi la nyuma huonekana kama umebandikwa ukutani. Angalia pia mizizi ya juu ya udongo, upande inapotanuka vizuri ndio uso wa mti.

FundiWaya
Wazo zuri, ila uvimbe hauangalii mtazamaji amesimama wapi. Matawi mawili usawa mmoja ni mawili tu, hata ukizunguka nyumba.

BiMajani
Azungushe, haimgharimu kitu. Akirudi kwenye uso ule ule, achukue kitambaa chenye rangi ya ukuta ulio nyuma, alifunike tawi nene lote, kisha ainame macho yawe usawa wa chungu. Akiache siku mbili. Tawi lililofunikwa utalirudisha, lililokatwa je?

ChunguKidogo
Mrejesho. Nimezungusha. Mizizi upande ule kweli ni mizuri, lakini kona ya shina inapotea kabisa, mti unaonekana umenyooka kama mwiko. Nimerudi uso wa zamani.

Kitambaa nimekiacha siku tatu. Siku ya kwanza mti ulionekana umekatwa mkono. Siku ya tatu nilipokitoa, lile tawi ndilo lililonishtua. Nimelikata. Utomvu mweupe ulichuruzika mpaka kwenye chungu, nikaufuta kwa kitambaa chenye maji, vidole vinanata hadi sasa. Kinjiti sijakigusa, kilele nimekipunguza majani machache. La chini linabaki, nimelifungia kijiti lisimpige mtu machoni.

FundiWaya
Umekata usawa wa shina au umebakiza kigutu?

ChunguKidogo
Kigutu cha milimita 3 hivi. Niliogopa kuchimba shina.

FundiWaya
Kwa leo sawa, kipoe. Kikikauka kiondoe kwa koleo la kukatia, ile yenye meno ya kubonyea, uache kishimo kidogo badala ya kipara. Gome likija kufunika litafunika likiwa sawasawa. Na unawe mikono kabla hujajisugua macho, utomvu wa fikasi unawasha.

MkasiButu
Umechelewa Fundi, kama mimi angekuwa ameshajisugua.