Mama mjamzito akiuliza kuhusu chanjo, mjibuni, msimfokee!

Wandugu wa Goma, nina hasira na sitaificha.

Wifi yangu ana mimba ya miezi sita. Juzi alienda CPN, ile kliniki ya wajawazito, kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka zamu yake ikafika. Akaambiwa akunje mkono wa blauzi. Akauliza kwa heshima: "Muganga, hii sindano iko ya nini? Haiwezi kuumiza mutoto?" Akajibiwa: "Uko na maswali mingi. Unataka mutoto akufe? Leta mukono." Muuguzi hata macho hakuyatoa kwenye rejista. Kwenye fishi, kadi yake ya kliniki, kaandika tarehe tu, jina la chanjo hakuna! Ilibidi nitafute mtu wa kazi hiyo ndipo tukajua ni ya pepopunda, ile VAT.

Sasa wifi hataki kurudi kwa sindano ya pili. Jirani amemwambia inafunga kizazi. Uvumi huo umezunguka sana, Kenya mwaka 2014 hata maaskofu wa Kikatoliki waliubeba, na ni uongo. Lakini jirani alikaa naye, akamsikiliza, akamjibu. Muuguzi alimfokea. Mlitaka amwamini nani?

Na jibu lenyewe lilikuwa la dakika mbili. Chanjo ya pepopunda haina kijidudu hai. Ni sumu ya kile kijidudu iliyoondolewa makali, na wajawazito wamechomwa miaka na miaka duniani kote. Mkono utauma, pengine homa kidogo, basi. Kinga ya mama inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, ili kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu asikakamae na kushindwa kunyonya. Asiyewahi kuchanjwa anapata ya pili baada ya wiki nne au zaidi, na iwe imebaki angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Tena angemwambia ukweli wote: ziko chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, ambazo mjamzito hapewi, anangoja azae. Mama akijua kwamba mnatofautisha, atawaamini.

Na asije mtu hapa kusema wanawake wetu ni washamba. Tumepita Ebola sisi. Mlipuko ulitangazwa Agosti 2018, na kwa miezi mingi wajawazito walinyimwa chanjo kwa kuwa ilikuwa na kirusi hai na usalama wake kwenye mimba haukuwa umejulikana vya kutosha. Katikati ya 2019 wakaanza kuruhusiwa, waliovuka miezi mitatu ya kwanza, maana Ebola ilikuwa inaua mama pamoja na mimba. Uamuzi ulikuwa na sababu zake. Lakini ni wangapi walioelezwa? Mwanamke aliyeambiwa jana usiguse, leo njoo haraka, ana haki kamili ya kuuliza hiki ni kitu gani mnachotia mwilini mwangu.

Najua wauguzi wamechoka na mishahara ni shida. Hilo tulipiganie pamoja. Halimpi mtu ruhusa ya kumtishia mama kifo cha mtoto wake.

Wenye kufanya kazi kwenye zone za afya, nijibuni hapa: malalamiko haya yanapelekwa kwa nani, kwa daktari mkuu wa zone au kwa kamati ya kituo? Na nani atalazimisha jina la chanjo liandikwe kwenye fishi?