Jaguar E-Type 4.2 au Porsche 911E 2.4: ipi ya kuweka?

Swali
Wadau, natafuta gari moja la kuhifadhi na kutoka nalo wikendi. Niko Uingereza. Nimebakiwa na mawili: Jaguar E-Type Series 1 yenye injini ya lita 4.2, mwaka 1965, na Porsche 911E ya lita 2.4, mwaka 1972. Bei zinakaribiana. Nikague wapi kabla sijalipa?

silinda_sita
Kwa E-Type anza na bodi, injini itasubiri. Mbele ya ukuta wa injini kuna fremu ya mabomba iliyofungwa kwa bolti, na mabomba hayo huoza kutokea ndani. Toa trei ya betri uangalie chini yake, asidi hudondokea hapo. Pitisha sumaku kwenye vizingiti vya milango: isiponasa, pamejazwa puti.

Nyuma, diski za breki ziko ndani, ubavuni mwa difu (mtambo unaogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Joto lake linapika sili za difu, oili inamwagikia diski, breki zinakosa nguvu. Sili zenyewe ni bei ndogo. Gharama ni kushusha mtambo mzima wa nyuma ili kuzifikia. Injini ikipata moto, presha ya oili iwe kama psi 40 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika.

Umefanya vizuri kuchagua 4.2. Gia boksi ya E-Type ya awali, ya lita 3.8, haina sinkronaiza (kinachofanya gia iingie bila kukwaruza) kwenye namba moja.

oili_moto
911 nayo kutu ndiyo adui. Chasi za kiwanda zilianza kupakwa zinki nzima modeli ya 1976, kwa hiyo hiyo yako haina kinga kamili. Bonyeza kwa bisibisi masanduku ya betri mbele, sakafu chini ya tangi, na sehemu inayoshika bomba la springi za nyuma. Bisibisi ikizama pale nyuma, achana nalo.

Bloku ni ya magnesiamu: stadi (bolti ndefu) za silinda hedi, 24 kwa jumla, huvuta nyuzi zikatoka. Uliza kama zimewekewa bushi za chuma. Vikaza mnyororo vya zamani, wa kuendesha valvu, vikilegea, mnyororo unaruka meno na valvu zinagonga pistoni. Dawa yake ni vile vinavyolishwa oili, vya Carrera 3.2, 911 ya baadaye.

Oili pima injini ikiwa moto na inaunguruma, gari likiwa tambarare. Anayepima ikiwa baridi huongeza kupita kiasi, na ziada inaingia kwenye njia ya hewa. Mwaka 1972 mfuniko wa oili uko nje, nyuma ya mlango wa kulia. Wa petroli uko mbele kushoto. Mwambie mhudumu wa kituo kabla hajashika bomba!

namba_zilingane
Mimi ningechukua Jaguar, kwa sababu karibu kila kipande cha bodi bado kinatengenezwa upya. Lakini namba za injini, juu ya chujio cha oili na mbele ya silinda hedi, zilingane na cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za Jaguar. Mwombe muuzaji picha za namba hizo kabla hujakata tiketi ya treni.

Muulizaji
Asanteni sana. Naanza na trei ya betri Jumamosi.