HALO, KAMPALA?! Jirani huyu tutamvumilia mpaka lini?

Jamani, naandika mikono ikinuka yai. Simtaji, mnamjua. Yule yule "ndugu wa Jumuiya".

Leo asubuhi hapa Busia, trei 300, vyeti vyote mkononi, cha daktari wa mifugo kina mihuri mitatu. Afande wa ng'ambo akachomoa yai moja, akalitikisa, akaliweka sikioni kama simu: "Halo, Kampala?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Tanboi wangu mwenyewe akacheka! Kisha: geuza lori, amri mpya imetoka juu.

Machi 2021 mahindi yetu yaliitwa sumu. Leo mayai. Kesho matoke yana mapepo. Nchi yenye haya ingejibu leo leo: balozi aitwe, umeme wa Jinja uzimwe, wale ugali gizani. Sisi tutaenda kunywa chai ya kindugu. Mtu anapigia taifa zima simu kwa yai, nanyi mnamwita ndugu!

HALO, KAMPALA! Na lori bado liko juani.

MzeeWaMalaba: Kampala ilipokea?

Tanboi_Original: Ndiyo, nilicheka bosi. Na zile wiki mbili zangu unalipa lini?

Nakawa4Life: Zima umeme, ssebo. Halafu petroli ya hilo lori ipitie bandari ya nani? Ya huyo huyo.

Mstaafu: Kuna mkubwa mmoja naye alisema kachokozwa, akavuka mpaka kwenda Kagera 1978. Aprili 1979 majibu yalifika Kampala kwa miguu.

WaKatuna: Siku moja tu unalia hivi? Jirani yetu sisi alifunga Februari 2019, akafungua mwisho wa Januari 2022. Viazi vyangu viliota ghalani mpaka mbuzi akapotelea humo.

Mvuvi: Nyinyi angalau mna nchi kavu. Njooni Migingo, jiwe limejaa mabati, sangara mmoja anagombaniwa na askari wa nchi mbili.

WaKatuna: Sangara haoti, kaa kimya.

Mvuvi: Ananuka lakini.

MamaChapati: Samahani, mwenye uzi, hizo trei bei gani? Kama liko juani bado, nachukua kumi. Yenye nyufa unipunguzie.

Mwenye uzi: Elfu kumi. Nipigie.

MamaChapati: Kwa simu au kwa yai?