Stadi mbili zimekatikia kwenye silinda hedi ya alumini: nizitoeje?

Mwanagenzi wa Maweni, Malindi

Assalaam aleikum, mafundi na wazee wangu. Ninatengeneza gari langu mwenyewe hapa nyumbani, Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE. Juzi niliifungua manifoldi ya ekzosi, lile bomba linalokusanya moshi wa injini, ili nibadilishe gasketi yake ya kuzibia, kwa kuwa ilikuwa ikivuja na kugonga kila asubuhi injini ikiwa baridi. Nati nyingi zilikubali, lakini mbili zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na nilipoongeza nguvu ya spana stadi zenyewe, vile vijiti vya chuma vyenye meno vinavyofungwa nati, zikakatika. Moja imebakiza kama milimita 4 nje ya hedi, yaani kile kichwa cha injini. Ya pili imekatikia ndani, chini kidogo ya uso wa hedi. Zote ni za milimita 8, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25. Nimeshauriwa dukani ninunue iziauti, kile chombo cha kuchomolea bolti zilizokatika, nitoboe na kuzichomoa, ila nimeona niwaulize kwanza kabla sijatia drili.

Fundi wa Barani

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu stadi iliyokatika bado ina dawa, lakini tundu lililotobolewa upande katika hedi ya alumini humgharimu mtu hedi nzima.

Kwanza ufahamu ni nini kinachoishikilia stadi hiyo. Sisi wa pwani tunakaa na hewa ya chumvi mwaka mzima, na chuma kikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, ukajaza meno na kuibana stadi pande zote. Ndiyo maana nguvu peke yake haisaidii: unapoizungusha, unaikata tu.

Anza na ile iliyochomoza. Ipige brashi ya waya, uitie mafuta ya kupenyeza kutu jioni, asubuhi na jioni tena, na kila mara uigonge kichwani kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi vingi, ili ule unga upasuke na mafuta yapate njia. Kisha umwite mtu wa weldi ya umeme aliye na mkono mtulivu. Aivalishe stadi nati kubwa kidogo, aijaze weldi kwa ndani ya tundu la nati mpaka nati na stadi viwe kitu kimoja. Joto la weldi ndilo dawa yenyewe, kwani stadi hutanuka kwa moto na kusinyaa inapopoa, na ule mshiko huvunjika. Iache ipoe mpaka wekundu uishe kabisa, kisha uizungushe taratibu, robo mbele na robo nyuma, ukiongeza mafuta. Ikikatika tena, mweldi arudie. Mimi nimewahi kurudia mara tano kwa stadi moja, na ya tano ikatoka. Kabla ya yote hayo, toa waya wa hasi wa betri, na kishikio cha waya wa ardhi wa weldi kifungwe karibu na kazi.

Usikubali mtu alete moto wa gesi auelekeze kwenye hedi. Alumini safi huyeyuka ikifika nyuzi 660 hivi, wala haiwi nyekundu kukuonya kama chuma. Utaiona nzima, kisha ghafla imelainika.

Kijana wa Shela

Shikamoo, Fundi. Kwa ile iliyo ndani, je, iziauti si ingekuwa njia fupi? Mimi nimeitumia mara mbili nikafaulu.

Fundi wa Barani

Marahaba. Umefaulu kwa sababu bolti hizo hazikuwa zimeganda. Huenda zilikatika kwa kukazwa kupita kiasi. Hii iliganda ikakata stadi nzima ya milimita 8, na iziauti ni nyembamba kuliko hiyo stadi, basi itapata wapi nguvu ya kuishinda? Tena imechongwa kama kabari: kadiri unavyoizungusha, huitanua stadi na kuibana zaidi. Na iziauti ikikatikia ndani, biti ya kawaida haiwezi kuitoboa, kwa kuwa nayo ni chuma kigumu.

Fundi Kerezo, Mombasa

Naunga mkono. Hata ile iliyo ndani inaweza kupandishwa kwa weldi, tone juu ya tone, kwa kuwa weldi ya chuma haishiki kwenye alumini, hivyo kuta za tundu hupona. Ikishindikana ndipo utoboe, na hapo jambo kubwa ni kupata katikati. Kachongeshe kwa kerezo bushi ndogo ya chuma, yaani kijibomba kifupi, inayoingia barabara katika tundu la manifoldi, yenye kitundu cha milimita 3 katikati, kisha uifunge manifoldi mahali pake na utoboe kupitia bushi hiyo. Ukipata biti zinazokata kinyumenyume, tumia hizo, maana mara nyingi stadi hukamatwa na biti ikatoka yenyewe. Panua hadi 5, kisha 6, na usipite 6.8, kwa sababu hapo ndipo meno ya hedi yanapoanzia. Kigamba kinachobaki hung'olewa kwa ncha ya sindano.

Wa Amu

Kwa atakayesoma haya akiwa tayari amekatikiwa na iziauti: kuna shabu, lile jiwe jeupe la kutakasia maji, hii hii inayouzwa madukani. Tuliifanya kwa hedi ya mashine ya boti. Hedi ilitolewa kabisa, tukazungushia tundu ukingo, tukajaza maji ya moto yaliyokolezwa shabu na kuyabadilisha kila yalipopoa. Chuma kilitoa mapovu na kuliwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na alumini ikabaki. Inataka subira, na pasiwe na kipande kingine cha chuma unachokihitaji.

Mwanagenzi wa Maweni, Malindi

Nawashukuru nyote. Ile ya nje imetoka kwa nati ya pili. Ya ndani ilipandishwa kwa weldi mara tatu, ikakataa, basi nimetoboa kwa bushi. Ilipofika milimita 6 kigamba kikalegea nikakivuta. Meno ya hedi ni mazima. Je, stadi mpya nizifunge kavu?

Fundi wa Barani

Hapana. Badilisha stadi zote, hata zilizofunguka vizuri, maana zimekula chumvi ile ile. Safisha matundu kwa chombo cha kukatia meno, ukikizungusha kwa mkono, kisha upake grisi ya shaba kidogo tu. Meno yaliyopakwa huteleza, kwa hiyo usivuke kipimo cha kukazia kilicho katika kitabu cha gari, na ukaze kuanzia katikati kwenda pembeni.