MREJESHO: Wanachama wa jogging wasiolipa ada

Wakuu, mwezi wa tatu niliomba ushauri hapa: klabu yetu ya jogging Temeke ina watu 60 kwenye grupu la WhatsApp, ila wanaolipa ada ya 5,000 hawafiki 15. Mkasema tuanze na katiba. Tumeiandika, na afisa michezo wa wilaya katuelekeza taratibu za usajili wa Baraza la Michezo la Taifa (BMT).

Ila kilichofanya kazi hasa ni mhazini kubandika mapato na matumizi kila Jumapili baada ya mbio. Kumbe watu hawakuwa wabahili, walikuwa hawatuamini! Sasa wanalipa 41. Yule aliyeshauri tuwafukuze wote siku ileile, samahani mkuu, tungebaki mimi na kocha. Jezi bado hazitoshi.