Namshuhudia kijana huyu muda mrefu, hataki kuokoka. Nifanyeje?

Mzabibu_Dom: Habari wakuu. Nimeokoka, nasali hapa Dodoma mjini. Kuna kijana namshuhudia muda mrefu. Biblia nimempa, mkutano wa injili nimempeleka. Ni mpole, anasikiliza, anajibu "sawa", basi. Moyo unaniuma mpaka silali. Ninyi mliwavutaje ndugu zenu?

Bi_Chamwino: Mwanangu, soma 1 Petro 3:1, wavutwe "pasipo lile Neno". Baba watoto nilimhubiria hadi akawa anarudi usiku wa manane. Nikanyamaza, nikawa nampikia mlenda wake vizuri. Jumapili moja namkuta kashapiga pasi shati, ananiuliza ibada saa ngapi.

Kibajaji: Mlenda umeokoa wengi 😂

Mgogo_OG: Wamisionari wa CMS, wale Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa 1876, lakini bibi yangu hakuvutwa na mahubiri. Alilaza mtoto hospitali ya Mvumi, nesi akawa anampa uji bila kumuuliza dini. Alipokuja kusikia kwaya inaimba Kigogo na zeze, ndiyo basi tena. Sisi wajukuu hatuendi kanisani ila kwenye harusi, hiyo ni habari nyingine.

Swali_Tu: Mleta mada, kijana huyo ni nani kwako?

Mzabibu_Dom: Ni kijana tu, tunaishi naye vizuri.

Swali_Tu: Mnaishi naye kama nani?

Mzabibu_Dom: Ni mfanyakazi kwenye mashine yangu ya kukamua alizeti. Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Lakini sijamlazimisha! Asubuhi tunasali kabla ya kuwasha mashine, asiyetaka anasubiri nje. Chumba nimempa bure. Jina lake nimeshalipeleka darasa la ubatizo, najua akianza atapenda. Nikamwambia pia usimamizi nitampa mtu wa imani moja na mimi. Kosa liko wapi?

Mtoto_wa_Kondoa: Kumbe hiyo "sawa" ni ya mshahara. Mimi Mwislamu, nimesoma shule ya kanisa, walimu walinihubiria na nikawajibu, tukacheka. Huyo mwenzangu akikujibu hapana, usiku atalala wapi?

Wakili_wa_Kijiweni: Katiba ibara ya 19, kutangaza dini ni huru na ni jambo la hiari. Hiari ya kwake, mkuu, siyo ya kwako.

Mzabibu_Dom: Hata Paulo alikuwa hali zote kwa watu wote ili awaokoe.

Swali_Tu: Paulo huyohuyo alishona mahema asije akamlemea mtu. Wewe umeweka chumba na cheo mezani, halafu unashangaa kijana mpole.

Kibajaji: Jamani, hii chai, stori ya kutunga. Huyu mwaka jana alikuwa chuo, UDOM, analia bumu la mkopo limechelewa. Leo ana mashine?

Mzabibu_Dom: Mashine ya baba. Mimi nasimamia.

Kibajaji: Kwa hiyo usimamizi unaomuahidi ni kiti chako mwenyewe? 😂😂

Mzabibu_Dom: Nilikuja kuomba mbinu, siyo kuhojiwa.

Bi_Chamwino: Iwe chai, isiwe chai, jina la mtoto wa watu kalitoe huko darasani. Na asubuhi asikae nje kwenye baridi na vumbi, mpe kiti.

Mgogo_OG: Mkuu, kama mashine ipo kweli, mashudu mnauzaje gunia?

Mzabibu_Dom: Njoo PM.